Nani Aamue Ukurasa wa Nota Uishie Wapi?

Msomaji wa riwaya akifika mwisho wa ukurasa katikati ya sentensi, hufunua na kuendelea, wala hakiharibiki kitu. Mpiga piano hana nafasi hiyo. Mikono yote miwili ina kazi, na ukurasa ukiisha katikati ya kifungu chenye kasi, ama muziki utasimama ama nota kadhaa zitaachwa. Kwa sababu hiyo, katika uchapaji wa muziki swali la ukurasa uishie wapi halijawahi kuwa la urembo. Tangu mwanzo lilijibiwa na mtu aliyefahamu jinsi muziki utakavyopigwa au kuimbwa, na programu za kompyuta zimelimudu pale tu zilipomwachia mtu huyo neno la mwisho.

Ushahidi wa kwanza uko Venice, mwaka 1501, mchapaji Ottaviano Petrucci alipotoa Harmonice Musices Odhecaton, kitabu cha nyimbo za sauti nyingi kilichochapwa kwa herufi za kupanga. Kila sauti ilikuwa na sehemu yake katika kurasa mbili zinazotazamana, ili waimbaji wasome kitabu kimoja. Mpango huo ulikuja na sharti gumu: wimbo ukizidi kurasa hizo mbili, sauti zote zilipaswa kukomea mahali pamoja, kwa sababu aliyemaliza sehemu yake hawezi kufunua ukurasa wenzake wakiwa bado wanasoma. Mchapaji alilazimika kubana nota za sauti moja na kutawanya za nyingine.

Baadaye kazi ilihamia kwenye mabamba ya bati lililochanganywa na risasi, ufundi uliostawi sana Leipzig katika karne ya 19. Mchongaji alichora mistari mitano kwa chombo chenye meno matano, kisha akagonga vichwa vya nota na herufi za maneno kwa mihuri ya chuma, yote kinyumenyume ili karatasi itoke sawa. Kosa lilisahihishwa kwa kugeuza bamba na kuligonga kwa nyuma mpaka shimo lijae, kisha kuchonga upya. Kwa kuwa kurekebisha kulikuwa na gharama, mchongaji alipima kwanza muziki wote, akagawa kurasa, akatafuta pumziko ambapo mkono mmoja ungekuwa huru kufunua. Hakugusa muhuri kabla ya kuamua hayo.

Kompyuta iliondoa gharama ya kosa, na pamoja nayo ikaondoa ulazima wa kufikiri mapema. Programu ya kuandika nota Finale ilitoka mwaka 1988 na nyingine, Sibelius, mwaka 1993, na mtu asiyewahi kushika muhuri akaweza kuchapa nota nyumbani. Njia rahisi kwa mashine ni kujaza ukurasa hadi nafasi iishe, kisha kuhamia unaofuata. Mwaka 1981 wanasayansi wa kompyuta Donald Knuth na Michael Plass walikwisha kuonyesha njia bora kwa maandishi ya kawaida: kupima aya nzima kabla ya kukata mstari wowote. LilyPond, programu ya nota iliyoanzishwa na Waholanzi wawili mwaka 1996, inafuata fikra kama hiyo katika muziki, na ina hata utaratibu wa kutafuta mapumziko yanayofaa kufunulia.

Hata hivyo, mashine hiyo yenye hesabu nzuri hukwama penye maandishi: beti za ziada chini ya wimbo, maelezo ya mhariri, tafsiri ya maneno. Kwa LilyPond, kipande cha kawaida cha maandishi hakigawanyiki. Kisipoenea, chote huhamia ukurasa wa pili. Ukitaka kigawanyike, lazima ukiandike kama orodha ya mistari. Tena kuna amri ya kulazimisha ukurasa ukatwe na nyingine ya kuuzuia, na zote zinaweza kuwekwa kati ya muziki na maandishi. Mhariri asipotumia ya pili, beti ya tatu inaweza kuangukia nyuma ya karatasi, na mwimbaji akashindwa kuona beti na nota kwa pamoja.

Wapo watakaosema kwamba kishikwambi na pedali ya mguu vimemaliza tatizo. Vimepunguza tabu ya kufunua, ni kweli, lakini kioo nacho huonyesha ukurasa mmoja au kurasa mbili tu kwa wakati mmoja, na beti iliyotengwa na nota zake bado imetengwa. Tena kwaya nyingi za Afrika Mashariki zinaimba kwa karatasi za fotokopi. Wengine watasema kwamba programu zitaboreshwa hadi ziamue zenyewe. Huenda zikapima nafasi vizuri zaidi, lakini nafasi ni nusu tu ya swali. Kwa mashine, beti ya nne na shukrani za mtunzi ni maandishi yenye urefu fulani. Mwimbaji anaihitaji beti wakati anaimba, ilhali shukrani atazisoma akiwa ameketi. Tofauti hiyo anaijua mhariri, na ndiye anayepaswa kuamua kabla karatasi haijatoka kwenye printa.