Liuli, Hongi, Ruhuhu: Samaki wa Kitoweo na Samaki wa Kutazama

Tarehe 13 Agosti 1914 manowari ndogo ya Waingereza, Gwendolen, ilisogea mbele ya Liuli, kwenye Ziwa Nyasa. Wajerumani waliiita bandari hiyo Sphinxhafen, kwa kuwa jabali la Pomonda liliwakumbusha sanamu ile ya Misri. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa juu ya chelezo ikitengenezwa, na nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba Ujerumani na Uingereza zimeshaingia vitani. Mzinga ulipolia alirukia mashua, akaenda mbio kumgombeza Kapteni Rhoades wa Gwendolen, rafiki yake wa kunywa naye. Akatekwa. London ikashangilia ushindi wa majini kutoka kwenye ziwa ambalo wengi wa washangiliaji wasingeweza kulionyesha kwenye ramani.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, aghalabu kwa kicheko. Kinachosahaulika ni kwamba Rhoades alikuwa pia mkusanyaji wa samaki. Miaka kadhaa kabla ya vita, akiwa katika shughuli zake ziwani, aliwahifadhi samaki na kuwapeleka Uingereza, na mwaka 1908 mtaalamu George Boulenger alipowaeleza kisayansi aliwapa baadhi yao jina la nahodha huyo. Chilotilapia rhoadesii na Buccochromis rhoadesii bado wanaogelea Nyasa na jina lake. Kwa maoni yangu hilo ndilo alilolifanya la maana zaidi, maana ile meli ya Wajerumani Waingereza waliirudia mwaka 1915 wakailipua, na baadaye wakaikarabati wakaitumia wao.

Rhoades alikuwa mmoja wa wageni wa mwanzo kuvua hapa pasipo kufikiria chungu. Waliomfuata ni wengi, na karibu wote walivutwa na mawe.

Mwambao wa Ruvuma, kuanzia Lituhi kuteremka hadi Liuli, Mbamba Bay na mpaka wa Msumbiji, ni vipande vya mchanga vinavyokatizwa na majabali. Kwenye majabali hayo huishi samaki wadogo, wengi wao wa urefu wa kidole au kiganja, ambao dunia inawajua kwa jina la mbuna. Hula mwani ulioota juu ya mawe, wakiukwangua kwa meno. Jike hutaga mayai kisha huyabeba kinywani kwa takriban wiki tatu, bila kula au akila kwa shida, mpaka vifaranga waweze kuogelea. Mbuna hapendi mchanga mtupu wala kina kirefu, ambako hana pa kujificha. Kwa hiyo jabali moja likitengwa na jingine kwa ufuko wa kilomita chache, wakazi wake hujitenga vizazi na vizazi hadi rangi zao zikaachana. Ndiyo sababu mojawapo ya ziwa hili kukadiriwa kuwa na spishi kati ya 700 na 1,000 za samaki, wengi wao wasiopatikana kwingine kokote. Geoffrey Fryer aliyachunguza maisha ya mawe haya Nkhata Bay, ng'ambo ya Mbamba Bay, na kuchapisha kazi yake mwaka 1959.

Biashara ya kuwasafirisha mbuna wakiwa hai ilianzia upande wa Malawi katika miaka ya 1960, na baadaye wapiga mbizi wakafika upande wetu. Leo mtu wa Ujerumani au Marekani mwenye tangi la vioo sebuleni anaweza kukutajia Hongi, kisiwa ambacho Watanzania wengi hawajakisikia, kwa sababu ya mbuna wa huko wa jenasi ya Labidochromis: dume wa buluu iliyopauka mwenye pezi la mgongoni la rangi ya machungwa. Kisiwa cha Lundo nacho kinajulikana vivyo hivyo. Samaki anauzwa kwa jina la jabali lake, kama kahawa ya Mbinga inavyouzwa kwa jina la Mbinga.

Kwa wenyeji, Wanyasa na jirani zao, ziwa ni kitoweo. Usiku wa giza mitumbwi huingia majini na taa kuvua usipa, dagaa wa Nyasa, ambao huanikwa juani na kupandishwa milimani kwa Wamatengo. Mwezi ukiwa mpevu kazi hupungua, kwa kuwa taa haiwavuti tena dagaa. Lakini asiseme mtu kwamba starehe haipo. Mtazame kijana aliyekaa jabalini jioni na mshipi, ndoano ndogo na tonge la ugali kwa chambo. Hana haraka. Kidole cha shahada kimeugusa mshipi, kikisubiri kuguswa, na wenzake wanamcheka akivuta kavu. Tofauti yake na mvuvi wa kitalii ni kwamba samaki wake hatarudishwa majini.

Samaki ambaye wavuvi wa starehe wangemtaka kweli ni mbasa. Ni wa fedha, mwembamba, mwenye mbio, na Wazungu wa Malawi walimwita samoni wa ziwa ingawa hana undugu na samoni. Huishi ziwani, ila kutaga hupanda mito, na Ruhuhu, unaomwaga maji kati ya Lituhi na Manda, ni mmoja wa mito hiyo. Hapo kwenye mdomo wa mto ndipo anaponasika kirahisi kuliko popote, akiwa na mayai, na nyavu huwa zinamsubiri. Amepungua, na haihitaji mtaalamu kueleza sababu.

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, makao yake Mbamba Bay. Lami kutoka Mbinga imeshafika, na safari iliyokuwa ya kutoa jasho kwenye kona za milimani sasa ni ya muda mfupi. Wageni watakuja, na uvuvi wa ndoano utakuwa miongoni mwa vitu watakavyoviulizia. Wakaribishwe, wakodi mtumbwi na mwenyeji anayeyajua mawe, na waje Septemba au Oktoba, upepo wa kusini ukishatulia. Mdomo wa Ruhuhu wakati wa mvua, mbasa wanapopanda kutaga, usiwemo kwenye ratiba yao, na nyavu nazo zingeondolewa hapo kwa miezi hiyo, kwa makubaliano ya vijiji vya pande zote mbili za mto.