Kutoka Kipande hadi Tume: Nani Aliyemuuliza Mwajiri Sababu?

Katika mashamba ya mkonge ya Lindi enzi za ukoloni, mkataba wa kazi ulikuwa kadi moja tu: kipande. Kilikuwa na nafasi 30. Ukimaliza ngwe yako, siku yako inawekwa alama. Usipoimaliza, siku haihesabiwi, hata kama umekata mkonge tangu alfajiri. Mshahara ulisubiri kipande kijae.

Wazee wa Kilwa walikuwa wameshaijua kazi ya shuruti. Kilimo cha pamba cha kulazimishwa ndicho kilichowachosha Wamatumbi hadi Maji Maji ikalipuka Julai 1905. Waingereza walipokuja, sheria yao ya mabwana na watumishi ya 1923 ilimhesabu mfanyakazi aliyetoroka kuwa mhalifu wa kutozwa faini au kufungwa. Bwana aliyemfukuza mtu hakudaiwa sababu. Huo ulikuwa uonevu ulioandikwa kisheria.

Kisha ukaja mradi wa karanga wa Nachingwea, wenye reli iliyoanzia Mkwaya, karibu na Lindi. Mwaka 1951 serikali iliyokaa London iliuvunja, na watu wengi wakapoteza ajira kwa uamuzi ambao hawakushirikishwa. Leo mwajiri anayepunguza wafanyakazi anatakiwa kwanza atoe taarifa, aeleze sababu na kushauriana nao.

Mageuzi makubwa yalianza 1964, Bunge lilipopitisha sheria ya usalama wa ajira. Ilileta kamati za wafanyakazi na orodha ya makosa pamoja na adhabu zake, hivyo hasira za meneja peke yake hazikutosha tena kumfukuzisha mtu. Lakini rufaa ya mwisho iliishia kwa Waziri, na mlango wa mahakama ukafungwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sheria ile njema ilipopungukiwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliziba pengo hilo. Mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Asipoweza, mfanyakazi anaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Sheria ilivyopitishwa, fidia hiyo haikupaswa kupungua mishahara ya miezi 12. Shauri huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mahakama ipo baada yake.

Mhudumu wa hoteli Kilwa Masoko anayeambiwa getini "kesho usije" analindwa na sheria hii akiwa ameshafanya kazi miezi 6, hata kama hakuwahi kupewa mkataba wa maandishi: ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha masharti ya ajira. Kinachowaponza wengi ni kungoja, wakiamini bosi atatulia awaite. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapaswa kufika Tume ndani ya siku 30. Ndugu msomaji, ukiachishwa, andika tarehe siku ileile, tunza hati za mshahara na ujumbe wa simu, kisha nenda ukajaze fomu mapema.