Saratani ya korodani hutibika ikiwahiwa

SARATANI ya korodani huwapata zaidi vijana na wanaume wa umri wa miaka 15 hadi 40. Chanzo chake hasa hakijafahamika, lakini hatari huongezeka kwa aliyezaliwa na korodani ambayo haikushuka mfukoni, au ambaye baba au ndugu yake wa kiume aliugua.

Dalili kuu ni uvimbe mgumu, mara nyingi usiouma, katika korodani moja. Wengi huona haya kuueleza, na ugonjwa husambaa hadi tumboni na mapafuni.

Tiba huanza kwa upasuaji wa kuondoa korodani iliyoathirika. Ile inayobaki, ikiwa nzima, kwa kawaida hutosha kwa tendo la ndoa na uzazi. Baadhi ya wagonjwa huongezewa dawa au mionzi.

Mwaka 1974, Dk. Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alianza kuchanganya dawa ya sisplatini na nyingine mbili. Kabla ya hapo, wengi ambao saratani ilikuwa imesambaa walifariki. Leo nchini humo, takriban wagonjwa 95 kati ya 100 huishi miaka mitano au zaidi baada ya kugunduliwa.

Hivyo, mwenye uvimbe asisubiri maumivu ndipo amwone daktari.