Ramani ya Nchi Isiyokuwapo

Kila mwaka, katika mhadhara wa kwanza wa kozi yangu ya historia ya Afrika Mashariki, huwaonyesha wanafunzi ramani moja na kuwauliza ni nchi gani. Nyuma ya pwani, katikati ya bara, limechorwa ziwa moja kubwa kupita kiasi. Limevimba upande wa kaskazini, karibu na ikweta, kisha likakonda kuelekea kusini mashariki, mfano wa koa, yule konokono asiye na gamba, anayejikokota ukutani. Wengine hukisia Asia, wengine husema ni nchi ya hadithi. Ninapowaambia kwamba hapo ndipo palipo Mwanza, Tabora, Kigoma na Songea, darasa zima huangua kicheko.

Kicheko hicho nakikaribisha, lakini sipendi kiishie hapo, kwa maana ramani ile haikuchorwa na wapumbavu. Aliyeiandaa ni Jakob Erhardt, akishirikiana na Johannes Rebmann, wamisionari wa Kijerumani waliotumikia Church Missionary Society huko Rabai, karibu na Mombasa. Mwaka 1854 Erhardt alikaa miezi kadhaa Tanga, akawauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Waliotoka Kilwa walimwambia kwamba ukienda magharibi utafika kwenye maji makubwa. Waliopita njia ya kati hadi Ujiji walimwambia vivyo hivyo. Wa njia ya kaskazini nao hawakutofautiana nao. Erhardt akakata shauri kwamba maji hayo ni mamoja, akayaunganisha. Ramani ikachapishwa Ujerumani mwaka 1855, na mwaka uliofuata ikawa mbele ya Royal Geographical Society mjini London, ambako ilizua mabishano makali.

Tuangalie vizuri kosa lilikuwa la nani. Wale wa Kilwa walisema kweli: walifika Nyasa. Wale wa Ujiji walisema kweli: walifika Tanganyika. Wa kaskazini walisema kweli: kulikuwa na Nyanza. Watu watatu walieleza maziwa matatu, na kalamu moja ikayafanya ziwa moja. Hata majina yangeweza kumpoteza mgeni, kwa kuwa nyasa na nyanza ni maneno ya lugha zetu yenye maana ya maji mengi. Swali moja la ziada lingetosha: je, mtu aweza kutoka Ujiji kwa mtumbwi akafika huko waendako watu wa Kilwa? Burton na Speke walipotumwa, wakaona Tanganyika mwezi Februari 1858, na Speke akaona Nyanza mwezi Agosti mwaka huohuo, wenyeji wa njia zile hawakuwa na la kushangaa.

Hata hivyo, Erhardt na Rebmann wana sifa moja ambayo wakosoaji wao hawakuwa nayo: waliuliza. Linganisha na William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakupata kukanyaga bara hili, lakini aliandika juu ya mambo ya ndani yake kwa uhakika wa kutisha. Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Kiongozi wake wa safari hakuwa na jina jingine la kitu kile cheupe ila “baridi”, na jina hilo lilikuwa sahihi kuliko vitabu vingi vya wakati huo. Krapf naye aliiona theluji ya Mlima Kenya mwaka uliofuata. Cooley alikataa katakata: theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta, basi shahidi ameota. Ilibidi Baron von der Decken apande Kilimanjaro katika safari zake za 1861 na 1862 ndipo ubishi ukapungua nguvu. Wachaga walioamka kila asubuhi chini ya mlima huo hawakuhesabiwa kuwa ushahidi.

Hivyo ndivyo ilivyojengwa nchi ya kubuni iliyoitwa “Afrika ya ndani”. Ilikuwa na milima yake: safu ya Kong, iliyochorwa na James Rennell mwaka 1798 ikikatiza Afrika Magharibi, na wachoraji wengine wakainakili kwa takribani miaka 90, hadi Mfaransa Binger alipopita huko kati ya 1887 na 1889 akakuta mji wa Kong upo, wenye biashara na wanazuoni wa Kiislamu, lakini safu ya milima haipo. Ilikuwa pia na watu wake. Mwaka 1851 Francis de Castelnau, aliyekuwa balozi mdogo wa Ufaransa huko Bahia, Brazili, alichapisha kitabu juu ya taifa la watu wenye mikia, alilolieleza kwa kuwahoji Waafrika waliokuwa watumwa huko. Watu hao waliitwa Niam-Niam. Georg Schweinfurth alipofika mwaka 1870 kwa Wazande, ambao ndio waliopachikwa jina hilo, hakukuta mkia, ingawa naye aliendelea kuieneza sifa yao ya ulaji watu. Mkia ulifutwa na dharau ikabaki.

Na wanyama je? Hapa mambo yanageuka. Katika msitu wa Ituri, nchini Kongo, alikuwapo mnyama ambaye Wambuti walimjua, wakamwinda na kumpa jina, lakini sayansi ya Ulaya haikuwa na habari naye. Harry Johnston, aliyekuwa akiiongoza Uganda kwa niaba ya Uingereza, alisikia habari zake kwa Wambuti hao akapeleka London vipande vya ngozi yenye milia. Mwaka 1901 wataalamu walimwandika kuwa ni aina ya farasi. Fuvu lilipowasili, mwaka huohuo, walisahihisha: ni ndugu wa twiga. Ndiye okapi. Kwa hiyo katika nchi ile ya kubuni, binadamu wasiokuwapo walipewa kitabu kizima, na mnyama aliyekuwapo alisubiri hadi karne ya 20, ilhali wanaomjua hawakuwa mbali.

Hadi hapa mtu aweza kusema: haya ni makosa ya kawaida ya elimu, nayo yalisahihishwa. Ningekubaliana naye kama ramani zingebaki maktabani. Lakini tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao Waswahili wanaukumbuka zaidi kwa habari ya Zanzibar. Magharibi ya Nyanza mpaka uliwekwa kwenye mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, hadi Kongo. Kisha kikaongezwa kifungu cha ajabu: Mlima Mfumbiro hautakuwa wa Ujerumani. Ikithibitika kwamba upo kusini ya mstari, basi mpaka upindwe ili uuache nje, halafu urudi ulipokuwa.

Wasomaji wangu, rudieni sentensi hiyo. Dola mbili ziligawana mlima ambao zilikiri, ndani ya mkataba wenyewe, kwamba hazijui ulipo. Speke alikuwa ameona vilele kwa mbali mwaka 1861 akiwa Karagwe, akasikia jina, akaliandika. Jina likawa mlima mmoja, na mlima ukawa kifungu cha sheria. Mjerumani von Götzen alipovuka Rwanda mwaka 1894, wakati wa Mwami Rwabugiri, ilidhihirika kwamba mlima mmoja wa namna hiyo haupo. Pale pana safu ya volkano za Virunga: Muhavura, Sabinyo, Karisimbi na wenzake, na chini yake nchi iliyojaa mashamba, ng'ombe na watu.

Je, mkataba ulitupwa kwa kuwa mlima wake haukuwapo? La hasha. Kifungu kikawa hoja ya kudaiana. Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walivutana hadi mwaka 1910, walipokutana Brussels na kugawana volkano zenyewe. Bufumbira ikaingizwa Uganda, na leo ni wilaya ya Kisoro. Sabinyo ukawa mahali pa kukutana kwa mipaka mitatu. Wazungumzaji wa Kinyarwanda wa miteremko ile wakajikuta chini ya tawala tatu, bila Mwami Musinga wala mkulima yeyote wa Bufumbira kuwa na kiti mezani. Swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni katika eneo hilo, hasa upande wa Kongo, limemwaga damu katika maisha yetu sisi tulio hai. Simaanishi kwamba kifungu kimoja cha 1890 ndicho chanzo cha yote, kwani vita vina wahusika wake wa leo na maslahi yao. Lakini msingi wa ugawaji ule ulikuwa jina lililosikiwa kwa mbali.

Nayaandika haya kwa sababu tabia ile haikuondoka na wakoloni. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999. Ya kwanza, inapofafanua ardhi ya jumla, inajumuisha humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ya pili, katika tafsiri yake ya ardhi hiyohiyo ya jumla, haina maneno hayo. Wanasheria wameujadili mgongano huo kwa miaka mingi. Mimi si mwanasheria, na swali langu ni la kihistoria: nani huamua kwamba ardhi “haitumiki”? Malisho ya kiangazi, yakitazamwa wakati wa masika, hayana ng'ombe hata mmoja. Shamba lililopumzishwa huonekana pori. Msitu wa matambiko hauna nyumba, na haukusudiwi kuwa nayo. Ofisa mwenye picha ya setilaiti anaweza kufanya kosa lilelile la Erhardt, tena akiwa na udhuru mdogo zaidi, maana Erhardt hakuwa na barabara ya kumfikisha ziwani.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu jambo moja la kiutendaji. Kabla neno “eneo wazi” halijaandikwa kwenye jedwali la mpango wa matumizi ya ardhi, mwandishi afike kijijini mara mbili, masika na kiangazi, aketi na wafugaji, wakulima na wanawake wanaokata kuni, na majina ya waliohojiwa yaambatanishwe na ramani. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, ramani hiyo ikibandikwa kwenye ofisi ya kijiji, someni majina hayo kwanza. Yakikosekana, hapo ndipo pa kuanzia kuuliza.