Wimbo wa Pamoja na Mpaka wa Busia na Tororo: Sauti Zilizovuka, Haki Zilizogawanyika

Wachunguzi wa mtangamano wa Afrika Mashariki wamezoea kuusoma mpaka wa Kenya na Uganda kupitia malori, mahindi na ushuru wa forodha. Makala haya yanausoma kupitia wimbo uliorekodiwa kwa ubia na wasanii wa pande zote mbili. Hoja yake ni kwamba wimbo wa aina hiyo uliitangulia mikataba katika kuziunganisha nchi hizi, ilhali haki za walioutunga zimeendelea kugawanywa na mpaka.

Mpaka wenyewe si wa kale. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki katika himaya ya Uganda na kulitia katika himaya ya Afrika Mashariki, iliyoitwa Kenya baadaye. Wasamia na Waiteso wakajikuta pande mbili za mstari. Kwa upande wa Uganda, mji wa Busia ulihesabiwa ndani ya Wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997 ulipopata wilaya yake. Malaba imebaki Tororo. Barabara kuu za kutoka Kampala kwenda Nairobi hupitia mojawapo ya miji hiyo miwili ya mpakani.

Nairobi iliwavuta wanamuziki kwa sababu ndiko kulikokuwa na studio na kampuni za santuri. Katika miaka ya 1960, Charles Sonko wa Uganda aliimba na bendi ya Equator Sound jijini humo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana wa Kampala, miongoni mwao Bebe Cool na Jose Chameleone, waliifuata njia hiyo hiyo wakarekodi kwa Ogopa Deejays. Katika vipindi vyote viwili, msanii ndiye aliyesafiri kuifuata mitambo.

Katikati ya miaka ya 2000 uhusiano huo ulichukua sura ya ubia. Bebe Cool aliungana na Nazizi na Wyre wa kikundi cha Necessary Noize cha Kenya, wakaunda East African Bashment Crew. Walitoa albamu ya Fire, na nyimbo za “Fire” na “Africa Unite” zikavuma. Jina la kikundi lilitaja ukanda mzima, wala si nchi moja, katika kipindi ambacho Umoja wa Forodha wa Jumuiya ndio kwanza ulianza kutekelezwa, mwaka 2005.

Ulinganisho na “Gentleman”, wimbo wa makundi mawili ya wavulana wa Nairobi, P-Unit na Sauti Sol, unaidhihirisha tofauti. Ubia huo wa miaka ya mwanzo ya 2010 ulifanyika ndani ya nchi moja, hivyo sheria moja ilitosha kwa wabia wote. Wimbo wa Mkenya na Mganda una makao mawili ya kisheria: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006. Kila nchi ina vyama vyake vya kukusanya mirabaha. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama katika Ibara ya 43 zishirikiane katika masuala ya haki miliki. Lakini kushirikiana si sawa na kuwa na daftari moja la nyimbo na wenyewe.

Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi Busia mwezi Februari 2018 kiliwapa wasafirishaji kile ambacho watunzi bado hawana: ukaguzi unaofanyika mara moja na kutambuliwa na serikali zote mbili. Wimbo uliomo ndani ya simu ya msafiri haupiti dirisha lolote la forodha, hivyo mafanikio ya kituo hayamgusi aliyeuimba. Historia hii inawadai washauri wa sera jambo moja mahususi: vyama vya mirabaha vya nchi hizi mbili vitambue usajili mmoja wa kazi ya ubia. Wasanii walikwisha kuuvuka mpaka. Kilichobaki upande wa pili ni malipo yao.