Damu ya Mtu Mzima

Siku waliyokuja kutupima nyumbani kwetu Kagondo, hakuna aliyekuwa anaumwa. Nilikuwa likizo kutoka chuoni. Asubuhi ile nilikuwa nimekata mkungu wa ndizi kibanjani na kuubeba hadi jikoni, na Bibi alikuwa amekaa mlangoni anamenya. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na wasichana wawili wenye mabegi mgongoni. Walimwamkia Bibi, wakaeleza kwamba wanapita katika nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kupima malaria, wakaomba ridhaa yetu. Bibi aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Anayeumwa nani?"

"Hakuna, bibi. Tunapima hata wazima."

"Mtu mzima apimwe ili iweje?"

Walimjibu kwa upole kwamba mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria bila kuumwa, na kwamba mbu akimng'ata huyo, anaweza kuvipeleka kwa mwingine. Bibi aliwapa kidole chake, nadhani kwa adabu tu. Tulitobolewa wote. Baada ya dakika kama ishirini kipimo chake kilionyesha mstari mmoja. Changu na cha Binamu, mtoto wa shangazi mwenye miaka sita, vilionyesha miwili.

Mara ya mwisho kuugua malaria nilikuwa kidato cha pili. Nilipewa dawa mseto: vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Nilimeza siku ya kwanza. Siku ya pili asubuhi nilimeza tena. Jioni nilikuwa na safari ya kumtembelea rafiki Kamachumu, na kwa kuwa sikuwa nasikia lolote mwilini, karatasi ya dawa ilibaki mfukoni mwa begi. Nilirudi nayo chuoni.

Wiki chache baadaye shangazi alipiga simu. Mtoto wake mdogo, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alikuwa amelazwa kwa malaria kali na ameongezewa damu. Chumba alicholala na kile nilicholala mimi vinatenganishwa na ukuta ambao haufiki juu. Mtoto alipona. Mimi nilianza kusoma, na nakiri kwamba nilisoma kama mshtakiwa anayepekua sheria. Nilitaka kujua ni lini watu waligundua kwamba mtu mzima anaweza kubeba malaria, na walimfanya nini walipomgundua.

Ugunduzi huo ni wa zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliona vimelea ndani ya damu ya mgonjwa huko Algeria. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alivikuta ndani ya mbu. Mwaka uliofuata Robert Koch, bingwa wa Kijerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria. Safari hiyohiyo ndiyo iliyohusisha jina lake na nyumbani kwetu, kwa kuwa alithibitisha pia kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, kaskazini ya Bukoba, ulikuwa tauni.

Jambo ninalolitafuta mimi lilitokea baadaye kidogo, mbali na hapa. Mwaka 1899 na 1900 Koch alikwenda Java na kisha New Guinea, koloni lingine la Wajerumani. Huko aliwapima wenyeji ambao hawakuwa wagonjwa. Katika damu ya watoto wadogo alikuta vimelea kwa wingi. Katika damu ya wakubwa waliozaliwa palepale hakuviona, au aliviona kwa nadra. Alitoa hitimisho mbili. Ya kwanza, mwili unaopata malaria mara kwa mara tangu utotoni hujifunza kuizuia. Ya pili, ghala la ugonjwa limo ndani ya watu ambao hakuna daktari anayewaita wagonjwa.

Leo tunaweza kuieleza vizuri zaidi. Kinga hiyo haifukuzi vimelea vyote. Inavipunguza mpaka viwe vichache mno kuleta homa, na wakati mwingine vichache mno hata kwa kipimo cha haraka cha kidole. Huenda huo mstari mmoja wa Bibi haukusema habari yote. Baadhi ya vimelea hugeuka kuwa gametosaiti, yaani vya kiume na vya kike ambavyo havimuumizi mtu na kazi yake ni kusubiri mbu. Mwenye homa hulala ndani, hutafuta dawa, hutibiwa ndani ya siku chache. Asiye na homa huweza kukaa navyo miezi, kila jioni yuko barazani.

Koch alitengeneza mpango kutokana na alichokiona. Mbu hawahesabiki, alifikiri, lakini watu wanahesabika. Wapimwe wote, wenye vimelea wapewe kwinini hadi damu iwe safi. Alijaribu katika kituo cha Stephansort, New Guinea, akaridhika. Mji uliochaguliwa kwa jaribio kubwa ulikuwa Dar es Salaam. Mwaka 1901 alitumwa daktari Ollwig kuliongoza. Damu ilichukuliwa nyumba kwa nyumba, ikapakwa kwenye vioo na kutazamwa kwa hadubini, na waliokutwa na vimelea wakapewa kwinini.

Malaria haikuisha Dar es Salaam, na sababu si ngumu kuziona. Mji ulikuwa wa bandari na misafara. Aliyepimwa leo aliondoka kesho, na mwingine akaingia na vimelea vyake. Kwinini ni chungu, masikio huvuma, na hapa aliyetakiwa kuimeza alikuwa mtu asiyeumwa, akiamriwa na serikali ambayo hakuichagua. Kulikuwa na kasoro nyingine ndani ya dawa yenyewe: kwinini haiui gametosaiti zilizokomaa za malaria hii yetu kali. Hata aliyemeza zote aliweza kuendelea kumpatia mbu mzigo kwa muda.

Waingereza waliisoma damu ileile wakafikia uamuzi mwingine. Stephens na Christophers, waliotumwa Afrika na tume ya malaria ya Royal Society, nao walikuta vimelea ndani ya watoto wa Kiafrika wasioumwa. Ushauri wao haukuwa kuwatibu watoto hao. Walishauri Wazungu wajenge mbali nao. Mwaka 1913 na 1914 Profesa Simpson alizunguka Kenya, Uganda na Zanzibar akishauri miji igawanywe kwa rangi, kwa sababu za afya. Ukitembea Nairobi au Kampala leo ukajiuliza kwa nini mitaa fulani ina nafasi na miti na mingine imebanana, sehemu ya jibu ni mtoto mwenye afya aliyetobolewa kidole.

Hapo niliacha kusoma kama mshtakiwa. Niliona kwamba swali langu, la nani alimwambukiza mtoto wa shangazi, ni swali la Simpson lililoingia ndani ya nyumba yetu. Mbu haandiki daftari. Huenda vimelea vilitoka kwangu, kwa Binamu, kwa Bibi, au kwa jirani aliyekuja kuomba moto. Hakuna atakayejua, na hata angejulikana, tungemhamishia wapi?

Wilaya yetu ya Muleba imeionja malaria ya kila namna. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mlipuko mkubwa, na mwaka 2006 ukaja mwingine. Katika vilima vyetu, ambako baridi huwapunguza mbu kwa misimu kadhaa, watu hawapati nafasi ya kujenga kinga. Mvua na joto vikizidi, wakubwa nao huanguka pamoja na watoto. Watu walewale wakikaa na mbu mwaka hadi mwaka, malaria hunyamaza ndani ya wengi na kuwalemea wadogo. Kuanzia 2007 nyumba za Muleba zilipuliziwa dawa ukoko. Baadaye ukafanyika hapa utafiti wa vyandarua vyenye PBO, kemikali inayovunja usugu wa mbu. Watoto walipimwa majumbani mwao bila kungoja waumwe, na ilionekana wazi kwamba waliolala chini ya vyandarua hivyo walikuwa na vimelea kwa uchache zaidi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo vitumike, na matokeo ya Muleba yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka uliofuata.

Shuleni nako hali ni hiyo. Uchunguzi wa mwaka 2015 katika shule za msingi za Tanzania Bara ulikuta malaria kwa zaidi ya mwanafunzi 1 kati ya 5. Hawa walikuwa watoto waliofika shule siku hiyo, waliokimbia mchakamchaka. Kliniki ya wajawazito, mama hupewa vidonge vya SP hata kama hana homa, kwa kuwa vimelea hujificha katika kondo la nyuma. Tumezoea kiasi kwamba hatuoni tena kwamba ni jibu lilelile la swali la Bibi.

Kuna jambo moja jipya linalonifanya nisiichukulie ile karatasi ya dawa kama uzembe mdogo. Kagera, hasa upande wa Karagwe, watafiti wamethibitisha vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto. Dozi iliyokatizwa njiani huviachia nafasi vile vyenye uwezo wa kustahimili, na mtu asiyeumwa huvitunza bila kujua.

Likizo iliyofuata nilimsimulia Bibi yote haya jikoni: New Guinea, Dar es Salaam, kwinini, Wazungu waliohama mtaa. Mtoto wa shangazi alikuwa anatambaa kati ya magamba ya ndizi, amenenepa. Bibi alisikiliza kama alivyowasikiliza wale wasichana, kisha akauliza:

"Hao watoto, wazazi wao waliambiwa wanatafutwa nini?"

Nilimwambia kwamba katika nilivyosoma, wazazi hawasemi kitu.

"Sisi tuliambiwa," akasema.

Ni kweli. Tuliambiwa kwa lugha tunayoielewa, tukaombwa ridhaa, tukapewa dawa bora kuliko kwinini, bure. Binamu alimaliza zake zote. Kila asubuhi na jioni Bibi alisimama juu yake na kikombe cha maziwa, kwa sababu wale wasichana walisema dawa hiyo hufanya kazi vizuri ikimezwa na kitu chenye mafuta. Aliyeacha njiani ni mimi, msomi wa nyumba.

Nikamuuliza kwa nini hakunisimamia na mimi.

"Wewe si mtu mzima?" akasema, na kuendelea kumenya.