Skonzi ya Sumbawanga Haikupitia Hotelini

Ikifika saa nne asubuhi, migahawa iliyozunguka soko kuu la Sumbawanga hujaa kwa mpigo. Watumishi wanatoka ofisini, bodaboda wanaegesha pikipiki, wenye maduka wanamwachia kijana kaunta, na wote wanataka chai. Ukishaagiza, swali linafuata hapo hapo: "Na kitafunwa?" Kwenye kabati la vioo kuna maandazi, chapati na sambusa, na pembeni zimekaa skonzi, bado zimeshikana ubavu kwa ubavu kama zilivyotoka kwenye trei. Juni na Julai, baridi ya uwanda huu wa Ufipa inapomlazimisha hata mwenyeji kuvaa koti mchana, ndizo zinazowahi kwisha.

Aliyezoea skonzi za mahoteli makubwa atashangaa kidogo. Ile ya hotelini ni fupi, imepasuka ubavuni, inavunjika ukiigusa, na huletwa na jamu na krimu. Hii ya Sumbawanga ni duara laini lenye mgongo wa kahawia unaong'aa kwa yai. Ukiivuta inachanika kwa nyuzi, na harufu ya iliki inapanda. Ya kwanza imeumuliwa kwa beking pauda, ya pili kwa hamira. Tofauti hiyo imebeba historia nzima ya namna kitafunwa hiki kilivyopanda Ufipa.

Asili ya skonzi ni Scotland. Inatajwa kwenye maandishi tangu mwaka 1513, katika tafsiri ya shairi la Virgil iliyofanywa na Gavin Douglas, na enzi hizo ilikuwa mkate bapa wa shayiri au oti uliookwa juu ya bamba la chuma. Iliyobadilisha mambo ni beking pauda, iliyotengenezwa mwaka 1843 na Alfred Bird, mkemia wa Birmingham ambaye mkewe hakupatana na hamira. Miaka hiyo hiyo mabibi wa tabaka la juu Uingereza walikuwa wanajizoesha chai ya alasiri, na mkate unaoiva upesi bila kusubiri kuumuka uliwafaa sana. Himaya yao ilipofika kwetu, chai ile ilihamia kwenye vibaraza vya mahoteli kama Norfolk ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1904.

Ufipa haikupata kibaraza cha aina hiyo. Reli ya Kati iliishia Kigoma mwaka 1914, na TAZARA katika miaka ya 1970 ilipita Tunduma ikaingia Zambia bila kugeuka. Kwa miaka mingi mlango wa Ufipa ulikuwa Ziwa Tanganyika: unashuka Kasanga, pale Wajerumani walipojenga boma lao la Bismarckburg ambalo Waingereza walilitwaa Juni 1916, kisha unaanza kupanda mlima. Liemba ilipoanza safari zake mwaka 1927, ikiwa meli ya Kijerumani iliyozamishwa na kuibuliwa tena, ikawa ndiyo inayoshusha watu na mizigo kwenye mwambao huo. Hakuna mfanyabiashara ambaye angejenga hoteli ya kitalii mwisho wa safari kama hiyo.

Waliotangulia kuhitaji unga wa ngano huku juu walikuwa mapadri. Mapadri Weupe, shirika lenye asili ya Kifaransa, walikabidhiwa kituo cha Karema, ziwani, na Wabelgiji mwaka 1885, na kutoka ziwani walipanda hadi uwandani. Misa haiendi bila hostia, na hostia kwa sheria ya Kanisa Katoliki ni ngano na maji, basi. Ulezi, uliokuwa ugali na pombe ya Wafipa, haukubaliki altareni. Kwa hiyo popote palipojengwa misheni ilibidi unga wa ngano upatikane, na uwanda wenye mwinuko wa mita 1,800 hivi na ubaridi wake ni mahali ambapo ngano inastawi. Bado inalimwa hadi leo. Nani atakuwa na unga wa ngano na tanuri la matofali, naye ni Mfaransa, asioke mkate? Wenyeji kwa upande wao hawakuhitaji kufundishwa moto: walikuwa na matanuri ya udongo yanayopita kimo cha mtu, ya kuyeyushia mawe ya chuma.

Ila mkate si skonzi. Skonzi, nionavyo mimi, iliingia kwa mlango wa darasani. Wasichana waliosoma kwa masista, na baadaye katika shule za serikali, walifundishwa sayansi kimu: kushona, kulea, kupika, kuoka. Mapishi ya darasani yalikuwa ya Kiingereza. Unasugua siagi kwenye unga, unatia beking pauda na maziwa, unakata upesi na kuingiza kwenye oveni yenye moto mkali wa nyuzi 220 hivi.

Tatizo lilianza msichana alipofika nyumbani. Kwao kuna jiko la mkaa, sufuria, na makaa yanayopaliwa juu ya mfuniko. Moto huo ni mzuri lakini ni mpole, na huwezi kuuamuru ufike nyuzi 220 ukae hapo dakika 12. Beking pauda haina subira. Ikishaguswa na maji inaanza kutoa hewa yake, na moto ukichelewa unabaki na kigae. Hamira inasubiri. Tena skonzi ya hamira yenye sukari na mafuta inakaa laini siku mbili tatu kwenye mfuko, wakati ile nyingine jioni tu imeshakauka. Kwa mtu anayeoka ili auze, apeleke mnadani au mji wa Laela, hapo hakuna mjadala.

Kuumua kwenyewe huku juu kuna masharti yake. Julai, donge ambalo Dar es Salaam lingeumuka kwa saa moja linaweza kuhitaji zaidi ya mbili, na waokaji wanalifunika blanketi na kulisogeza karibu na jiko kama mtoto mwenye homa. Likishaanza kupanda nalo linataka macho: kwenye mwinuko huu hewa ni nyepesi, mapovu yanavimba kirahisi, na donge lililoachwa likapitiliza linaporomoka motoni. Uumukaji huo wa polepole ndio unaoipa skonzi ya kipupwe ladha ambayo ya Novemba haina.

Biashara yake haikuwa tambarare. Miaka ya 1970 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na Rukwa, mkoa wetu huu uliozaliwa mwaka 1974, ukajikuta miongoni mwa mikoa mikubwa ya mahindi licha ya umbali wake. Mashamba makubwa ya ngano hayakuja huku, yalikwenda Hanang kwa msaada wa Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 unga wa ngano na sukari vikawa vitu vya foleni na vibali, na skonzi ikarudi kuwa chakula cha Krismasi na harusi.

Lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zaidi ya 220 zilizojengwa kwa fedha za MCC, shirika la misaada la Marekani, chini ya mkataba wa mwaka 2008, ilimaliza adha ya malori kukwama masika nzima. Sasa unga wa viwandani unafika bila taabu, lakini mikate ya viwandani nayo inafika. Na kwa kuwa nchi inaagiza ngano yake nyingi kutoka nje, vita ya Ukraine ilipoanza mwaka 2022 bei ya unga ilipanda hata hapa, kwenye mkoa unaolima ngano. Jambo hilo bado linanikera.

Anayetafuta skonzi bora asianzie hotelini, ambako nyingi hununuliwa mtaani zikapangwa kwenye sahani. Aende kata za Mazwi au Katandala kabla ya saa mbili asubuhi, aulize nani anaoka, kisha achague trei ambayo skonzi za katikati zimeiva sawa na za pembeni. Hiyo ni dalili ya mtu anayejua kugawa makaa. Baada ya saa nne atapata za jana, nazo si mbaya, alimradi chai iwe ya maziwa na iwe moto.